Mtoto wa mbwa analia kizimbani kila nikitoka. Nakosea wapi?

Mama_Shaba

Habari zenu wadau. Naomba msaada wa waliowahi kulea mbwa tangu akiwa mdogo. Nina mtoto wa mbwa, jike, wiki 11. Nimemwita Shaba kwa ajili ya rangi yake. Leo ni siku ya tisa tangu nimchukue. Kabla ya hapo alikuwa analala katikati ya ndugu zake sita.

Kizimba chake ni cha waya, kiko sebuleni, na ndani kuna godoro dogo. Mlango ukiwa wazi anaingia mwenyewe, na juzi mchana alisinzia humo miguu ya nyuma ikiwa nje. Usiku nakisogeza karibu na kitanda changu. Analia kidogo, nikipenyeza vidole kwenye waya ananusa, kisha analala.

Shida ni nikitoka nyumbani. Majuzi nilitoka dakika 40, nikaacha simu ya zamani inarekodi. Dakika tatu za kwanza anabweka kama ananiita. Halafu sauti inabadilika, inakuwa nyembamba na haikatiki. Nilishindwa kuisikiliza mpaka mwisho. Niliporudi godoro lilikuwa limelowa mkojo, kifua chake chote kimelowa mate, naye anahema kama aliyekimbizwa.

Naambiwa nimwache alie, atachoka. Naambiwa pia nisimfungulie mpaka anyamaze, la sivyo atajua kilio kinampatia anachotaka. Nimefuata hayo siku mbili. Leo asubuhi nilishika funguo tu, akakimbilia chini ya meza, na tangu hapo hataki kukanyaga kizimbani. Alikuwa anakipenda, jamani. Sasa anakiogopa kwa sababu yangu.

Baada ya wiki mbili narudi kazini: asubuhi atabaki peke yake kwa muda wa saa nne, narudi kumwona mchana, halafu muda wa saa nne tena. Nifanye nini?

Mlezi_wa_Watatu

Pole sana dada. Umefanya vizuri kurekodi, maana wengi wanaishia kubahatisha.

Kabla ya ushauri wowote naomba jaribio moja. Usiku anatulia mlango ukiwa umefungwa, lakini hapo uko karibu. Mchana anapofungwa, wewe haupo. Anajifunza masomo mawili kwa mpigo, kufungiwa na kuachwa, na hatujui ni lipi linalomshinda. Mrudishe kwanza kwa upole: mtupie punje za chakula chake ndani, mlango wazi, aingie na kutoka apendavyo. Akishazoea tena, funga mlango ukiwa umeketi sakafuni kando yake. Siku nyingine, ondoka chumbani akiwa huru, nje ya kizimba. Angalia analia wapi.

Mama_Shaba

Nimefanya kwa siku mbili. Mlango umefungwa, nimeketi kando: alitafuna mpira wake, akajizungusha mara tatu, akalala dakika 25. Akiwa huru, nikaingia chumbani kwangu na kufunga mlango: nilihesabu sekunde nane tu, akaanza kulia na kukwaruza mlango. Kwa hiyo kizimba si tatizo?

Mlezi_wa_Watatu

Kizimba si tatizo bado, ila kitakuwa tatizo ukiendelea kumwacha humo akiwa na hofu. Anachoshindwa ni kuwa peke yake. Usimlaumu. Mpaka wiki mbili hivi zilizopita alikuwa hajawahi kulala bila kuguswa na mwili mwingine.

Sasa sekunde nane ndiyo namba yako. Anza chini yake. Simama, nenda mpaka mlangoni, rudi, keti. Halafu toka sekunde tatu, urudi kabla hajalia. Halafu tano. Halafu mbili tena, kisha saba. Usipande kila mara, maana akiona kila safari inazidi iliyopita, ataanza kuhangaika mapema. Fanya vipindi vifupi, dakika tano hivi, mara tatu au nne kwa siku, baada ya kucheza na kukojoa, wakati macho yameanza kuwa mazito. Mtoto wa umri huo analala sehemu kubwa ya siku, wengi hufikia saa 18 na zaidi, kwa hiyo tumia usingizi wake ukusaidie.

Halafu zile funguo. Zishike mara kumi kwa siku bila kwenda popote. Vaa viatu, keti, soma. Shaba amejifunza kwamba mlio wa funguo ni habari mbaya. Mlio huo ukisikika mara nyingi bila kufuatwa na lolote, utapoteza maana.

Kuhusu kilio, si vyote ni kimoja. Kuna cha kulalamika, kina vituo, anasikiliza kama kuna anayekuja, kisha anajilaza. Hicho subiri kidogo. Kile ulichorekodi, chembamba kisichokatika, pamoja na mate na mkojo, ni hofu. Mwenye hofu hajifunzi uvumilivu. Mfungulie, mtulize, na safari inayofuata ipunguze nusu.

Babu_wa_Bweko

Natofautiana kidogo na mwenzangu. Mimi mbwa wangu wote niliwaacha walie siku tatu, na ya nne walinyamaza. Kumfungulia kila akilia ni kumdekeza.

Mlezi_wa_Watatu

Shikamoo mzee wangu. Kwa mbwa wangu wa kwanza na wa tatu ningekuunga mkono, maana walikuwa wanalalamika tu. Wa pili nilimwacha hivyo hivyo. Siku ya nne alinyamaza kweli, na nilifurahi. Nilipomwangalia vizuri nikakuta amevunja jino kwenye waya na ukucha unatoka damu. Alinyamaza kwa kuchoka. Ilinichukua miezi mitano kumrudisha, kazi ambayo ingechukua wiki chache kama ningeanza taratibu. Ndiyo maana nang'ang'ania jambo hili.

Muuguzi_wa_Wanyama

Mama Shaba, nafanya kazi kliniki ya wanyama, niongeze ya kiafya. Kipimo tunachotumia kwa kibofu ni umri kwa miezi, ongeza moja: hizo ndizo saa ambazo mtoto wa mbwa anaweza kubana mkojo, tena akiwa ametulia. Shaba kwa sasa hazidi saa tatu na kitu. Ukirudi kazini, saa 4 zitakuwa ukingoni kabisa. Tafuta mtu wa kupita katikati. Akilazimika kujikojolea mahali anapolala, atazoea, na kumfundisha usafi kutakuwa kugumu baadaye. Akiendelea kulowesha godoro hata ukiwa karibu, mlete apimwe mkojo.

Mvue mkanda wa shingoni kila unapomfungia. Mkanda unanasa kwenye waya na mbwa ananyongwa. Hili silisemi kwa kutisha. Kizimba kiwe cha kumtosha kusimama, kugeuka na kujinyoosha, basi. Kikizidi sana anafanya kona moja choo.

Mpira wa kutafuna wenye shimo unaweza kuujaza chakula chake kilicholoweshwa ukaugandisha, atalamba muda mrefu. Ukitumia siagi ya karanga, soma kwanza maandishi ya kopo: ikiwa na zailitoli (xylitol, kitamu kinachotumika badala ya sukari) usimpe hata kidogo, ni sumu kwa mbwa. Na akiacha kula mara tu unapotoka, hiyo ni dalili kwamba bado ana hofu.

Mwisho, kizimba si lazima. Kwa muda mrefu, uzio mdogo wa kukunjwa, kizimba kikiwa ndani yake mlango wazi, unawafaa wengi.

Mama_Shaba

Narudi na taarifa, leo ni siku ya 12 tangu tuanze. Siku nne za kwanza sikuwahi kuvuka dakika moja, nikaona kama hatutafika. Siku ya tano alilala nikiwa nje ya chumba, nikakaa koridoni dakika sita nimeshika mlango bila kupumua vizuri. Siku ya saba nikajiamini, nikaruka kutoka dakika 10 hadi 25. Kile kilio chembamba kilirudi. Nikaingia, nikaketi naye, kesho yake tukaanzia dakika nne.

Jana nilitoka nje kabisa, funguo mkononi, dakika 35. Rekodi inaonyesha alilamba mpira, akasimama mara moja kusikiliza, akaguna, akalala. Godoro kavu.

Saa 4 bado hatujafika, na sitamlazimisha. Jirani yangu aliyestaafu amekubali kukaa naye asubuhi na jioni nikianza kazi, mpaka tutakapofika. Uzio nimeuweka. Babu, asante nawe kwa mchango wako. Muuguzi, mkanda ninauvua. Mlezi, nina swali: akiamka ninapokuwa nje na kunikosa, lakini halii, anatembea tu huku na huko ndani ya uzio kama dakika mbili kabla ya kujilaza, hiyo nihesabu kuwa ametulia au nishushe muda?

Mlezi_wa_Watatu

Shusha kwa siku mbili, baki dakika 20 hadi 25, uone kama kule kutembea kunapungua. Kukipungua, panda tena. Na hongera sana dada, dakika 35 na godoro kavu si haba.