Ushauri: nyota imetokea ghafla ikakaa palepale, nairipotije?

nyota_babati: Wakuu habari za usiku. Niko nje kidogo ya Babati, usiku wa kuamkia tarehe 24 Septemba kwenye saa 7 na dakika 5 nilikuwa na bainokula nimeielekeza karibu na utosi (juu kabisa ya kichwa), kaskazini kidogo, mara ikatokea nyota mahali palipokuwa patupu kabisa, ikawaka karibu kama nyota ya Diphda halafu ikafifia taratibu, dakika nne hivi ikapotea. Haikusogea. Grupu letu la WhatsApp wengine wanasema ni nyota imelipuka niripoti haraka, wengine wanasema ni mmweko wa setilaiti za Iridium. Sitaki kupeleka taarifa ya uongo, naombeni ushauri.

jicho_kali: Iridium toa. Zile za zamani zilikuwa zinatembea, mmweko wake sekunde tu, na nyingi zimeshaondolewa kwenye obiti. Setilaiti za intaneti za Starlink nazo zinapita, hazikai.

fundi_dishi: Kabla ya yote, haikusogea ukilinganisha na nini? Nyota zinahama nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo dakika nne ni nyuzi 1, upana wa mwezi mara mbili. Ilikaa na nyota jirani au ilikaa na bati la nyumba?

nyota_babati: Bainokula iko kwenye stendi sikuigusa. Nyota zilikuwa zinateleza kwenda magharibi, yenyewe ikabaki katikati.

fundi_dishi: Basi hiyo ni setilaiti ya kilomita 35,786, zinazunguka sambamba na dunia ndo maana unaona imesimama. Mi nafunga madishi, la DStv hapo Babati linaangalia karibu juu kabisa kwa sababu setilaiti yake iko longitudo ya nyuzi 36 mashariki na nyie mko karibu hapohapo. Machi na Septemba zinaingia kwenye kivuli cha dunia usiku, zikitoka tu paneli zinaturudishia jua, na kwa za utosini kwenu saa 7 na dakika 5 ndo muda wa kutoka. Ila usiandike ni ile ya DStv, huko juu ziko nyingi.

Kilimia: Nashukuru umeuliza kabla ya kutuma mkuu, maana hata wataalamu waliotumia darubini ya Keck walitangaza mmweko kwenye galaksi ya GN-z11, 2021 wenzao wakaonyesha ni kipande cha roketi ya Urusi kilichopita mbele.

Kwenye ripoti muda uwe UTC (saa ya kimataifa, iko nyuma yetu saa 3), yaani 22:05, na tarehe inarudi kuwa 23 sio 24, hapo wengi wetu Afrika Mashariki tunapotea. Weka latitudo na longitudo za ulipokuwa. Mwangaza linganisha na nyota mbili, Diphda ni magnitudi (kipimo cha mwangaza, namba ndogo ndo angavu zaidi) 2.0 na Algenib 2.8, ilikuwa katikati au chini ya zote? Kama sekunde huzijui andika "kukosea nusu dakika", usibuni. Ulichoona kiwe sentensi yake, unachodhani sentensi nyingine. Halafu tuma SeeSat-L, orodha ya barua pepe ya watazamaji wa setilaiti, wapo watu wa kulinganisha na obiti za setilaiti.

nyota_babati: Ilikuwa katikati, karibu zaidi na Diphda. Picha sina.

fundi_dishi: Stendi usiiguse, kesho muda uleule angalia palepale. Weka simu ipige picha ya sekunde 30, nyota zitaandika vistari, setilaiti itabaki nukta.