Mkoba wa jinzi kuukuu: mkanda unang'oka

Mama Kondele: Jamani, nashona mikoba ya sokoni kwa jinzi kuukuu na mabaki ya kitenge ninayopewa na mafundi wa soko la Kibuye, Kisumu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2017, wateja wanaipenda mikoba hii. Ila wakibeba viazi, mkanda unang'oka. Nifanyeje?

Fundi Milimani: Dada, usiushone ukingoni tu. Uteremshe sentimita 4 hivi, ushone mraba, kisha msalaba katikati. Sindano namba 16. Nyembamba huvunjika kwenye jinzi.

Nyanya wa Ahero: Mwanangu, mimi naona bora mkanda mmoja mrefu uzunguke hadi chini ya mkoba. Uzito unabebwa na mkanda wenyewe, si uzi. Kitenge kifue kwanza, kisije kikapungua.

Mama Kondele: Asante, mama. Huo wa kuzunguka naukata jioni hii.