Mrejesho: mionzi kwa binti yangu mwenye uvimbe wa ubongo

Ndugu zangu, niliwahi kuuliza hapa iwapo mionzi ingemharibia akili binti yangu wa miaka 7, aliyekuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa meduloblastoma, yaani saratani inayoota nyuma ya kichwa, kwenye ubongo mdogo. Tulikubali, na tiba ya mionzi imekamilika.

Jambo ambalo wengi hatulijui ni kwamba saratani hii huweza kusambaa kupitia maji ya uti wa mgongo, hivyo kulenga mahali pa uvimbe peke yake hakutoshi. Daktari alieleza kuwa ubongo wote na uti wa mgongo hupewa dozi ndogo, ya grei 23.4 (grei ni kipimo cha mionzi inayofyonzwa na mwili) kwa watoto wenye hatari ya wastani ya saratani kurudi, kisha pale palipokuwa na uvimbe hulengwa kwa miale kutoka pande mbalimbali hadi kufikia grei 54, zikigawanywa kwa siku 5 za kila wiki kwa muda wa wiki 6 hivi. Kinyago cha plastiki kilichofinyangwa kwa sura yake kilimzuia kutikisika. Watoto wadogo zaidi huhitaji dawa ya usingizi, lakini huyu wangu, ambaye nyumbani hakai kitini, alitulia.

Kuhusu akili, hatukupewa ahadi. Athari kwa kumbukumbu, kimo na homoni huweza kujitokeza miaka mingi baadaye, ndiyo maana kwa watoto walio chini ya miaka 3 madaktari kwa kawaida hujitahidi kuichelewesha mionzi kwa kutumia dawa. Nywele zimenyonyoka, ukuaji wake utafuatiliwa kliniki, na awamu ya kemotherapia, yaani dawa za kuua saratani, inaanza mwezi ujao.