ARV ni bure Uganda, lakini mwanamke na mwanaume hawazifikii kwa njia moja: tupeane uzoefu

Mama Salima, Busia

Habari zenu ndugu zangu. Nimebishana na shemeji yangu mpaka chai ikapoa. Yeye anashikilia kwamba serikali inatoa ARV, dawa za kufubaza virusi vya ukimwi, bure tangu 2004, kwa hiyo anayekufa na ukimwi leo amejitakia. Mimi nakataa. Ule utafiti wa kitaifa wa 2016 hadi 2017 ulikuta virusi kwa asilimia 7.6 ya wanawake wa miaka 15 hadi 64, na asilimia 4.7 ya wanaume. Lakini kati ya wanaoishi na virusi, waliokuwa wamevifubaza ni asilimia 62.9 ya wanawake na 53.6 ya wanaume. Sisi tunaambukizwa zaidi, wao wanachelewa zaidi. Kila upande una kinachouzuia, na ndicho ninachotaka tukiseme hapa. Naanza mimi.

Nilipimwa nikiwa na mimba ya kitinda mimba wangu. Ule mpango wa 2012 ulikuwa umeshafika kituo chetu, kwamba mjamzito akikutwa na virusi anaanza dawa hapohapo na kuendelea nazo maisha yake yote, bila kungoja kinga ishuke. Mpango mzuri, mwanangu hana virusi hadi leo. Ila kufika tu pale ilikuwa kazi. Aliyekuja na mume alihudumiwa kwanza. Asiye na mume aliambiwa akalete barua ya mwenyekiti wa LC, serikali ya mtaa. Wangu alikuwa Juba kwenye biashara. Dada niliyekaa naye benchi moja alikuwa amemlipa kijana wa boda aingie naye kama mumewe. Kijana kashika helmeti mapajani, akiulizwa mimba ina miezi mingapi anamgeukia dada. Sista aliona kila kitu, akaandika tu. Mimi sikuwa na pesa ya kukodi mume, nikangoja mpaka jua likageuka.

Halafu ile chupa. Wanaomeza wanajua: vidonge vinalia kila hatua unayopiga. Niliijaza pamba hadi shingoni, nikabandua karatasi ya jina, nikaifukia kwenye debe la mtama wa mbegu, kwa sababu lile halifunguliwi mpaka msimu wa kupanda na mama mkwe hana shughuli nalo. Saa tatu usiku naaga naenda chooni, nameza.

Mume aliporudi nilimweleza, mshauri wa kituo akiwepo. Jibu lake: wewe ndiye uliyepimwa, basi wewe ndiye uliyeleta. Anayepimwa kwanza ndiye anayebebeshwa mzigo, na karibu siku zote ni mwanamke, maana mimba ndiyo inayompeleka. Jirani yangu alirudishwa kwao na godoro lake. Mimi nilibaki, nikawa nameza hadharani. Yeye alikubali kupima wakati suruali zimeshaanza kumvuka.

Haya, tuelezeni wengine.

Dereva wa Malaba

Shikamoo Mama Salima. Mimi naendesha lori Mombasa hadi Juba. Usemalo ni kweli, lakini niulize: mke wangu amepimwa kila mimba, mimi ningepimwa wapi? Sina mimba, sipeleki mtoto chanjo. Kituo kinafungua asubuhi, siku ya kliniki ni moja kwa wiki, na siku hiyo niko kwenye foleni ya Elegu, mpakani mwa Sudan Kusini. Tajiri haulizi ugonjwa, anauliza mzigo umefika? Nilipimwa siku nilipolazwa na kifua kikuu, kinga imeshaanguka. Kilichoniokoa ni kliniki ya kando ya barabara inayofunguliwa jioni, ile ambayo madereva tunaegesha na kuingia bila mtu kututazama. Sasa napewa dawa za miezi mingi kwa mara moja, zinakaa kwenye kabati la gari.

Na niseme jingine. Sisi wanaume tunaona foleni imejaa kina mama na watoto, tunahisi tumeingia jikoni kwa watu. Wahudumu wakiweka hata dirisha moja la jioni kwa ajili yetu, tutakuja.

Mzee wa Arua

Wanangu, nyinyi mnazungumzia dawa za bure. Mimi nilizika watu kabla hazijawa bure. Tulimsikia mwanamuziki Philly Lutaaya akijitangaza mbele ya taifa 1989 kwamba ana virusi, na mwaka huohuo akafa. Dawa zilipoanza kupatikana Kampala, kule JCRC, kituo cha utafiti na tiba, zilikuwa za kununua, kila mwezi. Kaka yangu alipougua, ukoo ulikaa kikao. Tuliuza ng'ombe. Tukauza tena. Mkewe alikuwa anaugua vilevile, amekaa nje ya kikao anatuchemshia chai, na hakuna aliyetaja jina lake. Wazee walisema mwanaume ndiye mwenye watoto. Alitangulia mke, 2002. Kaka alimfuata, maana ng'ombe walikwisha. Watoto wao nimewalea mimi.

Kwa hiyo mtu akisema bei haihusiani na mwanamke, mwambieni aje kwangu. Bei ikiwepo, mwanamke ndiye wa mwisho kulipiwa.

Bi Furaha, Nakivale

Asante mzee, pole sana. Huku kambini shida yangu ilikuwa lugha. Nimetoka Kivu, wahudumu wanasema Kinyankole na Kiingereza. Waliniletea mkalimani, kumbe ni mwanaume tunayesali naye kanisa moja. Ningemwambia nini? Nilisema kichwa kinauma, nikapewa panadol, nikaondoka. Nilirudi baada ya kusikia kuna mama Mkongomani ameanza kutafsiri.

Mama Mshauri, Kampala

Mimi nafanya kazi ya kuwashauri kina mama wenzangu, na mimi mwenyewe nameza. Nataka wadogo zangu wajue jambo la dolutegravir, ile ARV mpya. Mei 2018 zilitoka taarifa za utafiti wa Botswana, kwamba huenda watoto wa waliopata mimba wakiimeza wanazaliwa na kasoro za uti wa mgongo na ubongo. Hapa kwetu wanawake wa umri wa kuzaa wakazuiwa kwanza. Wanaume wakahamishiwa dawa mpya, sisi tukaachwa na efavirenz, dawa ya zamani, na ndoto zake za kutisha na kizunguzungu cha asubuhi. Hata mama aliyekwisha kufunga uzazi alikuwa ananiuliza, mimi nitazaa nini? Julai mwaka huohuo wanawake wa nchi mbalimbali za Afrika walikutana Kigali wakadai waelezwe hatari na faida, kisha wachague wenyewe. Julai 2019 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa wote, wanawake pia. Walikuwa na haki. Kumlinda mtu bila kumuuliza si kumlinda.

Na ile sheria ya 2014, inayoruhusu mhudumu kumjulisha mwenza wako na mahakama kumfunga anayeambukiza kwa makusudi, inawatisha hasa kina mama. Wao ndio hupimwa kwanza, kwa hiyo karatasi ya majibu yenye tarehe ya mapema ni yao, na lawama inawaangukia.

Dada wa Koboko

Mimi nina swali tu. Mwanzoni mwa 2025, Marekani iliposimamisha misaada, kituo chetu kilipunguza watu, na sasa tunapangwa foleni moja na wagonjwa wote. Wifi yangu anauza nyanya mbele ya geti lile, ataniona. Naweza kuchukulia dawa mji mwingine? Nasafiri Kampala kila mwezi kununua vitenge.

Mama Mshauri, Kampala

Unaweza, mdogo wangu. Omba barua ya uhamisho kabla hujaondoka, na usiache kitabu chako cha kliniki nyumbani. Ukikwama safarini, ingia kituo chochote cha serikali na kitabu hicho, uwaeleze, wakupe za kukusukuma wakati wanawasiliana na kwenu. Kama majibu ya wingi wa virusi ni mazuri, uliza kuhusu za miezi mitatu au sita, utapita pale getini mara chache. Kama una kikundi cha wenzako mnaoaminiana, ombeni mmoja awe anawachukulia wote kwa zamu. Ukifika Kampala niandikie faragha, nitakuelekeza kituo chenye mlango wa nyuma.