Mama amekaa Nakuru miaka 40 na hajawahi ingia paki, nisaidieni kupanga siku nne mpaka Kakamega

BintiWaLanet

Habarini wadau. Naomba msaada na tafadhali msinipeleke Mara, bajeti haifiki huko na pia Mara sio yenye nataka. Iko hivi. Mamangu alizaliwa upande wa Shinyalu, akaolewa akakuja Nakuru 1984, na tangu hapo amekuwa akiuza mboga sokoni mpaka akatusomesha sisi watano. Paki ya Lake Nakuru iko hapo tu, tukiwa wadogo ulikuwa unasimama juu upande wa Milimani unaona ukingo wa ziwa umekuwa pinki kabisa, lakini kupita geti hajawahi. Juzi tukiangalia vifaru kwa TV mtoto wangu akamuuliza, kukhu, wewe ushawahi ona kifaru? Akajibu, hao ni wa wazungu, mjukuu wangu. Nilinyamaza lakini hilo neno halijanitoka mpaka sai.

Sasa Desemba shule zikifungwa nataka nimchukue yeye na watoto wangu wawili, mmoja 11 mwingine 6, tuanze na paki hapa nyumbani, twende Kisumu waone ziwa na viboko, tumalizie Kakamega kwa ule msitu alikuwa anaokota kuni akiwa msichana. Ana miaka 68 na goti la kushoto linamsumbua. Gari hatuna. Naomba kujua, flamingo bado wako Nakuru? Boti za Kisumu ni salama kwa watoto? Msitu unatembeleka na mtu wa goti? Na hii safari yote kwa matatu inawezekana kweli?

DerevaWaVani

Dada karibu, mimi naendesha vani za watalii hapa Nakuru mwaka wa kumi na tano sasa, wacha nikujibu ile sehemu naijua.

Flamingo wako lakini sio kama zile siku zenu za Milimani, na ni vizuri umwambie mama mapema asije akavunjika moyo. Ziwa lilianza kupanda kama 2010 hivi, mvua nyingi huko juu, mito ya Njoro, Makalia na Nderit ikaleta maji mpaka geti kuu la zamani likamezwa likabidi lihamishwe, na ile miti ya migunga ya kandokando ikakufa ikiwa imesimama, utaiona mpaka leo, miti mikavu ndani ya maji na ndege wamejenga juu. Sasa flamingo anakula mwani mdogo wa kijani unaopenda maji ya magadi makali, maji matamu yakiingia mengi yale magadi yanapoa, mwani unapungua, na ndege anaenda kwa chakula. Wengi walihamia ziwa la Bogoria, wengine Elementaita, wanazunguka hivyo, na kuzaa wanaenda Natron huko Tanzania. Kwa hivyo kama moyo wake wote uko kwa flamingo mpeleke Bogoria, unapita Mogotio mpaka geti la Loboi, na kule hulipi KWS, lile shirika la wanyamapori la serikali, ni ya kaunti ya Baringo.

Lakini vifaru, dada, vifaru hapa ni uhakika karibu kila siku, weusi na weupe. Paki yote imezungushwa ua na tangu miaka ya 1980 ni mahali pa kulinda vifaru, ndio maana wamebaki. Weupe utawapata wakila nyasi peupe upande wa kusini wa ziwa, wamekaa kama ng'ombe. Halafu kuna wale twiga wa Rothschild, wenye miguu myeupe chini ka wamevaa soksi, hao sio wa hapa asili, waliletwa miaka ya 1970 kutoka huko magharibi ambako mashamba yalikuwa yanawamaliza. Mwambie mama walitoka upande wa kwao.

Mambo ya muhimu: tiketi ni kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, cash hawachukui getini, angalia bei huko huko maana hubadilika, na beba kitambulisho cha mama ndio alipe ya raia. Ingieni saa kumi na mbili asubuhi geti ikifunguliwa. Ndani huwezi tembea kwa miguu kwa hivyo lazima gari, tafuta vani ya paa la kufunguka, mkiungana na familia nyingine mnagawana. Na usilipe mtu yeyote anakupigia simu tu anataka pesa yote mbele, kuna ofisi moja hapa ilifanyia wateja hivyo na asubuhi simu zikazimwa.

ChaiYaKericho

Mimi nitasema ukweli, siku nne sehemu tatu na mtu wa goti na mtoto wa miaka sita ni nyingi. Nakuru mpaka Kisumu peke yake kwa matatu kupitia Mau Summit na Kericho ni masaa manne matano ukihesabu kungoja gari ijae. Ningekuwa wewe ningetoa Kisumu, nikapitia Eldoret na Kapsabet nikaenda Kakamega moja kwa moja, nikampa mama siku mbili kamili kwa msitu wake. Huyu ndiye mwenye safari, sio ziwa.

JaKisumo

Kericho ndugu yangu usiwanyime ziwa, hao watoto wameona maji ya Nakuru tu. Lakini nakubali usijaze. Ndere Island ni nzuri, kisiwa kizima ni paki ya taifa, lakini safari ya boti ni ndefu, wacha hio ya siku nyingine. Kit Mikayi pia wacha, yale mawe yako njia ya Bondo na kupanda ni kwa mtu wa magoti mazima.

Fanya hivi. Fika Kisumu jioni, lala. Asubuhi nenda ufuo wa Dunga mapema, saa moja moja hivi. Nasisitiza asubuhi juu ziwa letu lina tabia, asubuhi limelala kabisa, kuanzia mchana upepo unaamka kutoka kwa maji na mawimbi yanapanda haraka, boti ndogo na watoto sio mahali pa kuwa hio saa. Nimezaliwa hapa na nimezika watu wa hili ziwa, kwa hivyo hapa sibembelezi mtu: hakuna jaketi la kuogelea la saizi ya mtoto, hakuna kupanda boti. Sio kuliweka chini ya kiti, kuvaa na kufunga. Mwenye boti akikwambia maji ni shwari haina haja, shuka. Na usipatane na wale wa kukushika mkono barabarani, nenda mpaka kwa ofisi ya beach yenyewe, wako na kikundi cha vijana wa kutembeza wageni na wanajua ndege wa hayo mafunjo ya kando, kuna ndege wanaishi kwa mafunjo tu na wakikatwa yote hawana pengine pa kwenda.

Viboko mwambie baharia akae mbali. Kiboko akizama na hujui ametokea wapi ndio shida inaanza. Mtawaona tu vichwa na masikio, inatosha.

Gugu maji pia linaweza fika hio siku likafunga ufuo wote, upepo ndio hulipeleka na kulitoa, hio hakuna mtu anaweza kukuahidi. Likifunga nendeni Impala Sanctuary hapo karibu, ni padogo, njia ni za kutembea polepole, swala pala wanapita huru na mama anaweza kaa kwa benchi akiangalia ziwa. Mchana mle samaki. Beba neti ama uliza kama chumba kina neti, nyinyi watu wa Nakuru hamjazoea mbu wetu.

Omwisukha_wa_Isecheno

Mulembe dada. Mimi ni wa hapa hapa Shinyalu na natembeza wageni msituni. Kwanza usifike Kakamega mjini ukitoka Kisumu, utakuwa umepita. Shuka Khayega, hapo unageuka kulia kwenda Shinyalu mpaka Isecheno kwa boda ama probox. Ukienda Buyangu ni upande ule mwingine wa msitu, kaskazini, njia ya Webuye, na huko ni KWS. Isecheno iko chini ya watu wa misitu, malipo ni tofauti, watu wengi huchanganya hapa wanafika na tiketi ya upande usiofaa. Kwa mamako ni Isecheno, ndiko kwao.

Goti: usimpandishe Lirhanda. Kilima ni kifupi lakini kinasimama wima, na kikinyesha udongo ni sabuni. Watoto wanaweza panda na mtu mmoja asubuhi sana wakaone msitu wote umefunikwa na ukungu, yeye abaki chini. Karibu na kituo kuna njia tambarare, nusu saa tu na umeshaona mbega weusi kwa weupe na kima, na kama mko kimya hondohondo wakipita juu mabawa yao yanavuma unafikiri ni kitu kikubwa kinakuja. Kuna ndege mmoja wa bluu, mkubwa kuliko kuku, kishungi cheusi, mdomo wa njano wenye ncha nyekundu, huyo kwa Kenya nenda kote utamkosa, hapa kwetu na misitu michache ya magharibi ndio utamwona. Ni kwa sababu huu msitu ni kipande kilichobaki cha ule msitu mkubwa wa Kongo uliokuwa unakuja mpaka huku. Miti yetu mingi na ndege wetu jamaa zao wako Uganda na Kongo, sio Aberdare.

Desemba mvua imepungua lakini haijaisha, na ikija inakuja alasiri na radi. Tembeeni asubuhi. Viatu vya kufunika na suruali ndefu, siafu wapo.

Na dada, mwambie mama akifika aulizie ruhusa kabla ya kuchuma chochote. Siku zao walikuwa wanaingia wanatoka, sahi mambo ya kuni na dawa yana utaratibu, kwa sababu miti kama mwiritsa ilichunwa magome mpaka ikakauka imesimama. Sitaki aone aibu mbele ya wajukuu.

KitaleMoja

Siku nyingine ongeza Saiwa Swamp huku kwetu, paki ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, haina magari, unatembea kwa mbao juu ya kinamasi na kupanda minara kuangalia nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu za kukanyaga matope asizame. Inatosha asubuhi moja.

BintiWaLanet

Asanteni sana. Nimetoa Ndere, nimetoa Kit Mikayi, nimetoa Lirhanda kwa mama. Kisumu nimebakisha usiku mmoja tu, Kericho naomba unisamehe. Isecheno usiku mbili, kwa hivyo zimekuwa siku tano. Nitarudi niwaambie.

BintiWaLanet

Nimerudi. Naandika watoto wakiwa wamelala.

Paki tuliingia asubuhi tukiwa familia tatu kwa vani moja. Mama alikuwa amevaa ile nguo ya kanisa. Kwa saa nzima tuliona nyati na nyani na kuro, akawa kimya tu ameshika chuma ya kiti. Halafu dereva akazima injini, vifaru wanne, mmoja mtoto, karibu sana na barabara, ulikuwa unasikia nyasi ikikatika wakila. Mama akasimama kwa lile paa, na goti lake, akakaa amesimama mpaka wote wakapita. Akasema tu, na wamekuwa hapa siku zote? Nikashindwa kumjibu. Flamingo tuliona wachache mbali, mstari mwembamba, hakulalamika. Yale maneno ya twiga kutoka magharibi aliyachukua yakawa yake, ameshaambia soko lote.

Kisumu gugu lilikuwa limefunga nusu ya ufuo lakini Dunga palikuwa wazi. Baharia wa kwanza hakuwa na jaketi ndogo akasema tutamshikilia mtoto, nikakumbuka JaKisumo nikashuka. Wa pili alikuwa nazo. Viboko tuliona masikio tu na yule wa miaka sita ameridhika kabisa, anasema ni saba.

Isecheno ndio sijui niandike aje. Ile njia tambarare ya nusu saa ilituchukua masaa matatu. Kila mti anasimama. Huu ni mutere, huu tulikuwa tunafanyia hivi, huu mama yake alikuwa akitoa dawa ya tumbo, na kijana aliyekuwa anatutembeza akatoa daftari akaanza kuandika, kuna majina mawili akasema hajawahi yasikia. Kuna mahali alitafuta kijito alichokuwa anateka maji akakosa, pamekuwa shamba la mtu mpaka ukingoni, akasimama hapo kidogo, akasema msitu ulikuwa unafika kule kwa ile nyumba ya mabati. Watoto wakaangalia hio nyumba. Ni mbali. Mimi mwenyewe sikuwa nimeelewa msitu kupungua maana yake ni nini mpaka hapo.

Kuchuma aliomba ruhusa kama ulivyosema Omwisukha. Akaambiwa mukombero, ule mzizi wa kutafuna, anunue kwa mama mmoja pale Shinyalu anayeupanda shambani kwake, akanunua, na hao wawili wakakuta walisoma shule moja ya msingi. Hapo tulikaa mpaka giza.

Sasa anauliza Bogoria ni matatu gani. DerevaWaVani, Aprili shule zikifungwa una nafasi? Tutakuwa wanne, na safari hii yeye ndiye anasema tuamke saa kumi.

DerevaWaVani

Nafasi iko dada. Mwambie mama kule maji nayo yamepanda, chemchemi zingine za maji moto zimefunikwa, lakini zilizobaki bado zinachemka na mayai yanaiva. Abebe mayai.