Mtetezi wa soko huria anaweza kuunga mkono serikali kuingilia uchaguzi wa nchi nyingine?

MdahaloMbale:
Habari za jioni, wakubwa. Chama chetu cha mdahalo hapa Mbale kimepewa mada hii: "Anayeamini ubepari hawezi kutetea serikali kutumia fedha katika uchaguzi wa nchi ya kigeni." Sisi tunaunga mkono. Naomba hoja yenyewe kwa lugha ya uchumi, mfano mmoja wenye tarakimu ambao wapinzani hawatauyumbisha, na sheria yetu ya Uganda inasemaje kuhusu fedha za nje kwa vyama. Makelele ya "mabeberu" tunayo ya kutosha, hayo msituletee.

SokoHuria_Jinja:
Kwanza tenganisheni watu wawili ambao mada yenu imewafunga kamba moja: anayetetea soko, na mwenye kampuni. Wote wanaitwa mabepari, lakini katika jambo hili mara nyingi hawakai upande mmoja. Msipolisema hilo dakika ya kwanza, wapinzani watawatajia kampuni iliyoomba serikali iingilie na mdahalo utakuwa umekwisha.

Hoja ya mtetezi wa soko ni hii. Mfanyabiashara wa Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala, akiagiza bidhaa isiyouzika, hasara ni yake, na mwezi ujao haagizi tena. Ofisa wa serikali anayemwaga fedha kwenye kampeni ya nchi nyingine hana kitu cha kumrudisha nyuma namna hiyo. Mgombea wake akishinda, atasema fedha zilifanya kazi. Akishindwa, atasema zilikuwa kidogo. Na fedha ni za mlipa kodi ambaye hakuulizwa, tena mara nyingi hakuambiwa. Mchumi Hayek alieleza mwaka 1945 kwamba ujuzi wa kuendesha uchumi umetawanyika kwa watu wengi na bei ndiyo inayoukusanya. Ofisa aliye Washington au Moscow anayetaka kuchagulia watu wengine kiongozi ana upungufu huo huo wa habari, na hapo hakuna hata bei ya kumsaidia.

Ongezeni hoja ya wachumi kina Buchanan na Tullock: gharama hugawanywa kwa mamilioni ya walipa kodi, kila mmoja akitoa senti chache asizozihisi, ila faida huenda kwa wachache wenye mgodi au mkataba kule ng'ambo. Hao wachache ndio watakaopiga hodi kila siku kwenye ofisi za serikali. Mlipa kodi hatapiga.

Msimamo huu si wa jana. Richard Cobden, Mwingereza wa karne ya 19 aliyepigania kuondolewa kwa ushuru wa nafaka, alipinga pia nchi yake kujitia katika mambo ya wengine, na kwake hiyo ilikuwa hoja moja. Kwa Marekani, mtajeni Ron Paul, aliyepinga bungeni fedha za NED, wakfu unaolipwa na serikali kusaidia vyama na asasi ng'ambo. Cato Institute, kituo cha utafiti kinachotetea soko huria, ambao hakuna atakayewaita wajamaa, walitaka wakfu huo ukatiwe fedha tangu 1993.

Karani_Bombo:
Mfano wenu uwe Chile. Tarakimu zake zilitolewa na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, chini ya Frank Church, mwaka 1975, kwa hiyo hakuna wa kusema ni propaganda ya adui.

Mwaka 1964 CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilitumia zaidi ya dola milioni 2.6 kumsaidia mgombea urais Eduardo Frei, zaidi ya nusu ya gharama za kampeni yake. Mwaka huo kikundi cha wafanyabiashara Wamarekani waliokuwa Chile kilitaka kutoa dola milioni 1.5 zipitie mikononi mwa serikali kwa siri. Serikali ilikataa. Mwaka 1970 ikaja ITT, kampuni ya simu. CIA haikupokea fedha zake, ila iliielekeza njia ya kuzifikisha, na dola 350,000 zikamfikia Jorge Alessandri, mgombea wa mrengo wa kulia. Kampuni nyingine zikatoa kiasi kama hicho. Serikali nayo ilitumia kati ya dola 800,000 na milioni moja, zaidi kumchafua Salvador Allende, mgombea wa wasoshalisti, kuliko kumjenga mtu mwingine.

Allende alishinda, akiwa na zaidi kidogo ya asilimia 36.

Sehemu tamu kwa upande wenu ni bima. Mali ya ITT kule Chile ilikuwa na bima ya OPIC, shirika la serikali ya Marekani. Serikali ya Allende ilipotwaa kampuni ya simu, ITT ilidai fidia. Mwaka 1973 OPIC ilikataa, ikisema vitendo vya ITT yenyewe vilichangia, lakini mwaka uliofuata wasuluhishi waliipa ITT haki. Mtazameni mtu huyo: anacheza siasa kwa fedha zake, na akipoteza, mfuko wa umma unamlipa. Soko huria liko wapi hapo?

Onyo moja. Msichanganye uchaguzi na mapinduzi. Wengi hukimbilia Guatemala 1954 na kampuni ya ndizi, ila yale yalikuwa mapinduzi. Mpinzani mjanja atawakata hapo hapo.

Nakasero_Juu:
Ndugu zangu mnamrahisishia kijana kazi kuliko inavyostahili. Wapo watetezi wa soko wanaounga mkono, na hoja yao si ya kijinga. Rais Reagan wa Marekani aliitangaza kwenye bunge la Uingereza, Westminster, Juni 1982, na NED ikaundwa 1983. Moja ya taasisi zake nne za msingi ni CIPE, ya chemba ya biashara ya Marekani. Wanasema hivi: bila haki ya mali na mahakama huru hakuna soko, na upande wa pili, wakati huo Wasovieti, tayari unatoa fedha, kwa hiyo anayekaa pembeni anamwachia mpinzani wa soko uwanja. Mfano wao ni Nicaragua 1990: Bunge la Marekani lilipitisha dola milioni 9, na Violeta Chamorro akamshinda Daniel Ortega, rais wa mrengo wa kushoto.

Na wana tarakimu. Mtafiti Dov Levin alihesabu kati ya 1946 na 2000 Marekani ikiingilia chaguzi mara 81, Urusi ya Kisovieti na baadaye Urusi mara 36. Kwa hesabu yake, kura za anayesaidiwa hupanda kwa wastani wa asilimia 3 hivi. Msikubali wapinzani wachukue wastani huo na kuubandika kwenye uchaguzi mmoja. Chile 1970 iko humo humo, na haikusaidia kitu.

SokoHuria_Jinja:
Sawa, Nakasero, lakini hoja hiyo inadai mtoa fedha ajue mgombea wake atalinda mali ya watu miaka mitano baadaye. Frei wa 1964 ndiye aliyeanza kuchukua hisa za serikali katika migodi ya shaba ya Wamarekani. Fedha zilimweka, hazikumwongoza.

Wakili_Gulu:
Kuhusu sheria. Sheria ya Vyama na Jumuiya za Kisiasa ya 2005, kifungu cha 14: asiye raia, serikali ya kigeni au ubalozi, na asasi ya kigeni iliyosajiliwa hapa, hawaruhusiwi kukipa chama zaidi ya pointi za sarafu 20,000 katika miezi 12. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo shilingi milioni 400. Wengi husema Uganda imepiga marufuku fedha za nje. Haikupiga marufuku, imeweka kikomo. Kikomo hicho kinahusu mchango, zawadi na mkopo, taslimu au kwa vitu, maana yake magari na fulana za kampeni pia huhesabiwa.

Sheria ya Uchaguzi wa Rais ya 2005 ni kitu kingine: mgombea hapaswi kupokea msaada wa serikali au mtu wa nje aliyeonyesha nia ya kuipindua serikali halali au kuhatarisha usalama wa nchi. Hapo hakuna kiasi. Neno "nia" ndilo zito, na mabishano yatakuwa nani anaithibitisha. Mkienda maktaba, angalieni toleo: sheria zilizorekebishwa zilianza kutumika Julai 2024 na namba za vifungu zimehama.

MdahaloMbale:
Asanteni sana, wazee wangu. Moja tu limebaki: Facebook 2021? Nina hakika watalitaja.

Wakili_Gulu:
Watalitaja, ssebo. Tarehe 11 Januari 2021 kampuni ilitangaza kuzifuta akaunti ilizosema zina uhusiano na kituo kimoja cha wizara ya habari na teknolojia ya Uganda. Kesho yake mitandao ya kijamii ikafungwa, na uchaguzi ukawa tarehe 14. Kwa mada yenu, kampuni binafsi kufuta akaunti kwenye mtambo wake si serikali ya kigeni kutumia fedha. Unaweza kuilaumu kwa sababu nyingine, lakini haiingii hapa. Kinachoingia kwa urahisi zaidi ni DGF, mfuko wa utawala bora uliolipwa na Umoja wa Ulaya na serikali kama Denmark, Norway na Ireland. Rais aliusimamisha mwanzoni mwa 2021, ukaruhusiwa tena 2022, na mwisho wa mwaka huo ukafungwa. Wenyewe walisema hawaungi mkono chama chochote. Mtetezi wa soko aliye mkali atauliza tu kama mlipa kodi wa Copenhagen aliulizwa. Jitayarisheni kwa swali la pili: je, atasema hivyo hivyo kuhusu fedha za wafadhili zinazoingia kwenye bajeti ya serikali yetu? Akiwa mkweli, itabidi aseme ndiyo.