Tupeane uzoefu: Uliwahi kuwa na saa chache tu Roma, ukakimbilia magofu na mgahawa wa kishua? Yalikukuta yapi?

Mzee wa Transiti
Wakuu habari za jioni. Leo napanga kabati nikakuta tiketi ya Colosseum, lile jumba la kale la michezo la Roma, imekunjwa ndani ya pasi ya zamani, nikakumbuka aibu yote. Nilikuwa na saa kumi na moja kati ya ndege na ndege, viza ya Schengen ninayo (bila hiyo sisi hatutoki transiti, usidanganywe na mtu), nikasema silali kwenye viti vya uwanja wa ndege wa Fiumicino mtu mzima mimi. Nikapanda treni ya Leonardo Express, yuro 14, dakika 32 uko Termini, stesheni kuu ya mjini. Kutoka hapo nikakokota begi la magurudumu juu ya yale mawe meusi ya barabarani, kakakaka kakakaka, watu wanageuka. Kufika getini mlinzi hata tiketi hakuiangalia, kaangalia begi. Haliingii, na pa kuliacha hakuna. Kurudi Termini kuliweka, kuja tena, muda ulioandikwa kwenye tiketi umeshapita. Nikalizunguka jumba kwa nje kama mbuzi wa kamba. Leteni na zenu.

Binti Safari
Hayo mawe!! Gurudumu langu moja lilibaki huko huko.

Kidume cha Mbali
Mimi niliingia. Ukisimama pale juu ukaangalia chini unapata picha kabisa Kaisari Nero amekaa anashangilia simba wanavyotafuna watu

Mwalimu Mstaafu
Nero alikufa mwaka 68. Jumba kaanza Kaisari Vespasian, mwanae Titus ndo kalifungua mwaka 80. Nero pale alikuwa na bwawa lake tu.

Kidume cha Mbali
Sasa ualimu wa nini mzee, mi nasimulia safari

Mwalimu Mstaafu
Simulia, ila usimsingizie marehemu.

Pilipili Manga
Mnahangaika na mjini ya nini? Kama una saa chache nenda Ostia Antica, iko upande huo huo wa uwanja wa ndege, teksi dakika chache tu. Mji mzima wa bandari ya kale, unatembea kwenye barabara zao. Kuna kilabu cha enzi hizo, kaunta ya marumaru bado ipo na ukutani wamechora vyakula, yaani menyu. Na kuna vyoo vya mawe vimepangana, matundu tu, hakuna kizuizi, watu walikuwa wanakaa bega kwa bega wanapiga stori. Nilivitazama muda mrefu kuliko mahekalu, sijui kwa nini.

Shemeji wa Wote
Mwambie na kwamba Jumatatu wanafunga. Mimi nilienda Jumatatu. Nimeangalia misonobari kupitia uzio nikarudi.

Baba Mapacha
Naona mnaongelea mawe tu, ngoja niseme ya msosi maana hili nilishalizika. 2019 mimi na wife tulikuwa na usiku mmoja Roma, miaka kumi ya ndoa, nikasema leo hatuli pizza ya kukatwa na mkasi, leo tunakaa kwenye kitambaa cheupe. Tukaingia sehemu nyuma ya Pantheon, lile hekalu la kale lenye tundu juu ya kuba, sitaji jina. Weita kaja na sinia la barafu, samaki mzima kalala jicho linang'aa, anasema ni wa leo leo. Kwenye menyu naona 9. Nikamwambia wife unaona, samaki mzima yuro 9, watu wanaisingizia Roma ughali. Nikaagiza kwa madaha na mvinyo juu. Kumbe pembeni ya ile 9 kuna kaneno kadogo, etto. Etto ni gramu 100. Bili inakuja, samaki kilo 1 na gramu 400, yuro 126 peke yake, weka mvinyo, weka mkate, weka maji, inagonga 190. Nikatoa kadi kwa kujiamini, ikakataa. Tena, ikakataa, benki wameona inatumika nje wakaifunga bila hata meseji. Keshi nina 60. Weita wala hakubadilika sura, hiyo ndo iliniuma zaidi. Kadi nyingine iko hotelini karibu na Termini, kilomita kama mbili. Nikamwacha wife mezani kama rehani nikatoka mbio na viatu vya ngozi juu ya hayo mawe yenu. Narudi dakika hamsini baadaye shati limelowa, namkuta anakula tiramisu, kitindamlo chao. Ameongeza tiramisu kwenye bili niliyoshindwa kulipa!

Binti Safari
Nimecheka mpaka mtoto kaamka

Kidume cha Mbali
Chai hii. Hoteli walikuwa hawana simu?

Baba Mapacha
Simu ya hoteli ingeleta kadi kwa miguu?

Dada wa Kaskazini
Mimi hata sicheki. Unamwachaje mwanamke peke yake mji asioujua, usiku?

Shemeji wa Wote
Dada alikuwa na tiramisu, hakuwa peke yake

Pilipili Manga
Ukiona etto au S.Q. (yaani bei kulingana na kiasi) mwambie apime kwanza mbele yako. Au kula tambi za carbonara tu, na usiombe krimu utafukuzwa.

Mwalimu Mstaafu
Kuleni mchana. Migahawa ya maana usiku hufungua kuanzia saa moja na nusu, ukiwa na ndege ya saa nne utaambulia harufu.

Binti Safari
Mchana si ndo muda wa magofu sasa? Mimi nasema shinda njaa, maji bure mitaani, yale mabomba ya chuma ukiziba chini kwa kidole maji yanaruka juu kwenye katundu unakunywa kama chemchemi.

Mzee wa Transiti
Baba Mapacha umeniibia uzi. Niambie tu, samaki alikuwa mtamu?

Baba Mapacha
Kichwa hatukugusa mkuu. Na kichwa nacho kilipimwa.

Mgeni 07
Samahani wadau, Pantheon mvua ikinyesha wanafunga lile tundu la juu?

Pilipili Manga
Haifungwi, inanyesha ndani na sakafu ina vitundu vya kupitisha maji. Mwaka 2023 walianza kutoza yuro 5 kuingia.